Walidhani Yumo Msafarani

Dominika ya Familia Takatifu, Mwaka C. Injili: Luka 2:41-52



Injili ya Dominika hii yatupeleka njiani. Sikukuu ya Pasaka imekwisha huko Yerusalemu, watu wa Nazareti warudi makwao kwa miguu, na msafara ni mkubwa: wajomba, mashangazi, majirani, na watoto wanaokimbizana mbele na nyuma. Mwinjili Luka atuambia kwamba Yosefu na Maria walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba kijana yumo msafarani. Hawakuwa wazazi wazembe, wala tusiwahukumu hivyo. Walikuwa na sababu nzuri za kudhani. Mtoto alikuwa mwema, jamaa walikuwapo, na njia waliijua kwa kuwa waliipita kila mwaka. Hata hivyo, walipomtafuta miongoni mwa jamaa na marafiki, hawakumwona.

Somo hili tumezoea kulipita haraka ili tufike hekaluni. Leo tunawaomba tukae kidogo katika ile siku moja ya kudhani, kwa sababu nyumba zetu nyingi zimo ndani ya siku hiyo. Baba yuko sebuleni, mama yuko jikoni, mlango umekwisha kukomewa, na mtoto yuko chumbani mwake, kimya. Twasema, Mungu asifiwe, mwanetu si mzururaji. Kumbe mkononi ana simu, na kwa simu hiyo amekwisha kutoka nyumbani, amevuka mikoa na bahari, naye yumo katikati ya watu ambao sisi wazazi hatujapata kuwaona nyuso zao.

Mwezi huu wa Desemba shule zimefungwa. Aliyemaliza darasa la saba angojea kuingia kidato cha kwanza. Aliyeko bweni, ambako simu imekatazwa, amerudi nyumbani na kiu ya miezi mingi. Mjomba aliyekuja kula Krismasi kutoka mjini amemwachia simu yake ya zamani. Zawadi imetolewa kwa moyo mwema, mtoto amefurahi, wazazi wameshukuru. Lakini ni nani aliyeketi naye kumwonyesha huko anakokwenda?

Miaka michache iliyopita mama mmoja alitujia ofisini, parokiani, mchana wa siku ya kazi. Haya twayasimulia kwa ruhusa yake, tukiwa tumebadili mambo madogo ili asijulikane, wala hayakuwa maungamo. Fedha za ada alizokuwa akizitunza katika simu yake zilikuwa zinapungua, leo elfu kumi, kesho kutwa elfu ishirini, naye aliamini kwamba ni kampuni ya simu inayomwibia. Alipokwenda kuuliza, akaonyeshwa kwamba fedha zilitumwa usiku, kwa namba moja ileile. Mwenye kuzituma alikuwa binti yake wa kidato cha pili, mwenye umri wa miaka 14, aliyeijua namba ya siri ya mama kwa sababu ndiye aliyekuwa akitumwa kulipia umeme.

Mambo yalianza kwa upole. Mtu aliyejitambulisha kuwa kijana wa kwaya katika jimbo jingine alimwandikia binti huyo, na picha yake ilikuwa ya kijana mtanashati aliyevaa joho. Kwa majuma sita waliongea habari za nyimbo, za mitihani na za ukali wa mama. Kisha yule mtu akaomba picha, na baadaye akaomba nyingine. Usiku binti alipotuma picha ambayo hakupaswa kuituma, sauti ilibadilika usiku uleule: lete fedha, la sivyo picha itafika kwa mama yako, kwa mkuu wa shule na kwa vijana wote wa parokia yenu. Mama alipogundua, alimpiga. Mtoto akakimbilia kwa shangazi yake, na siku ile mama alipokuja kwetu, binti alikuwa hajatia chakula kinywani kwa siku mbili.

Tuliomba aletwe. Alikuja na shangazi yake, tukamwuliza kwa nini hakumwambia mtu yeyote tangu mwanzo. Aliinama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba Dominika moja alitusikia sisi wenyewe, mimbarini, tukisema kwamba msichana anayepeleka picha zake kwa simu amekwisha kujiuza. "Padre," akasema, "nilijua nimekwisha."

Hotuba hiyo twaikumbuka. Siku ile tulijiona hodari. Watu walitikisa vichwa kukubali, na mzee mmoja alitufuata sakristia kutupongeza. Hatukujua kwamba katika mabenchi alikuwapo mtoto mwenye tanzi shingoni, wala kwamba maneno yetu yalikuwa yakimfungia mlango wa mwisho aliobakiwa nao. Yule mwovu alikuwa akimwambia kila usiku: ukisema, watakutupa. Nasi tulimthibitishia. Tulimwomba binti huyo msamaha mbele ya shangazi yake, na leo twawaomba radhi wengine waliosikia maneno ya namna hiyo kutoka kwetu sisi mapadre na wakaondoka na mzigo wao bila kuutua.

Tuitazame basi namna Maria alivyosema na mwanawe alipompata. Hakuyaficha maumivu, alimweleza wazi kwamba yeye na baba yake walimtafuta kwa uchungu. Lakini neno lake la kwanza lilikuwa swali. Aliuliza sababu, akangoja jibu. Tena Luka asema jambo ambalo lapasa kuwafariji wazazi wengi: jibu lenyewe hawakulielewa. Mara ngapi mzazi atuambia, Padre, mambo haya ya watoto wa siku hizi hatuyaelewi, mitambo hii imetupita? Maria hakuelewa, na bado alibaki kuwa mama. Aliyaweka yote moyoni, akarudi na mwanawe Nazareti, maisha yakaendelea.

Kijana yule wa Injili alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mwaka 2022 ilitolewa taarifa ya utafiti uliofanywa hapa Tanzania na UNICEF, ECPAT na INTERPOL kuhusu watoto wanaotumia intaneti, wenye umri kuanzia miaka hiyohiyo 12 hadi 17. Ilionekana kwamba katika mwaka mmoja asilimia 4 kati yao walipatwa na matendo mazito ya unyonyaji wa kijinsia kwa njia ya mtandao, na kwa makadirio hao ni watoto wapatao 200,000. Asilimia nne yaweza kuonekana ndogo. Lakini katika shule yenye watoto 500 wanaotumia intaneti, hao ni ishirini, nusu ya darasa moja. Wala mkosaji si mgeni daima. Mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamfahamu, na mtandao umemrahisishia tu kumfikia nyuma ya migongo yetu.

Sisi tuliozaliwa miaka ya 1970 tulilelewa kwa njia nyingine. Nyumbani palikuwa na redio moja, tena ya baba. Taarifa ya habari ilipokwisha, baba aliizima, akatoa betri, na kesho yake zikaanikwa juani zipate nguvu kidogo. Televisheni ilikuwako Zanzibar tangu 1973, lakini huku Bara ilitufikia miaka ya 1990, na tulipokuwa seminarini kelele kubwa ya mapadre ilikuwa juu ya vibanda vya video. Katika nyakati hizo zote mzazi alikuwa bawabu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwakumbusha wazazi wajibu wao wa kulinda yale yanayoingia nyumbani. Wajibu huo haujafutwa. Ila leo mlango haupo tena ukutani, na bawabu akikesha sebuleni, mtoto ana mlango wake mfukoni. Hatuna budi kumlea mtoto awe bawabu wa nafsi yake. Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita alipowaandikia waamini mwaka 2007 kwa ajili ya Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, aliichagua mada hiyohiyo, watoto na vyombo vya habari, akaiita changamoto ya malezi.

Na malezi hayo yaanzie wapi? Turudi hekaluni. Yesu alikutwa ameketi katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Hakuwa anameza kila lisemwalo, wala hakuwa ameziba masikio. Huo ndio ujuzi ambao watoto wetu wanauhitaji mbele ya simu kuliko ujuzi wa kubonyeza, ambao wanao tayari kutuzidi.

Wahenga wetu walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuliitumia methali hii kuwahimiza watu wafanye kazi. Leo yafaa pia kwa kila picha na kila habari ipitayo katika simu. Imeundwa. Nani aliyeiunda? Ataka tufanye nini, tununue, tukasirike, tumpigie mtu kura, tutume fedha? Mwezi Machi 2023 ilienea duniani picha ya Baba Mtakatifu Fransisko amevaa koti kubwa jeupe la baridi, la kisasa kabisa. Sisi tuliiona katika simu ya katekista wetu, tukabishana naye habari ya bei ya koti, na hakuna kati yetu aliyeuliza kama koti lenyewe lilikuwako. Halikuwako. Picha nzima ilitengenezwa kwa programu ya kompyuta. Ikiwa padre mwenye shahada ya teolojia na katekista wa miaka ishirini walidanganyika kwa koti, mtoto wa darasa la sita atafanyaje atakapoona picha ya mwalimu wake, au ya mwenzake wa darasani, ikifanya jambo ambalo hakulifanya kamwe?

Kufundisha haya hakuhitaji darasa. Karibu kila mwenye simu nchini amepata kupokea ule ujumbe usemao kwamba ile pesa itumwe kwenye namba hii. Wapo pia waliopigiwa simu na mtu anayejiita mwalimu, aliyesema kwamba mtoto ameanguka shuleni na fedha za matibabu zahitajika mara moja. Ujumbe wa namna hiyo ukija, usiufute kwa hasira peke yako. Mwite mtoto, mpe simu asome kwa sauti, mwulize: huyu mtu ameijuaje namba yetu? Kwa nini ana haraka hivi? Kwa nini hataki tumpigie kwanza mkuu wa shule? Kisha mwache yeye mwenyewe aupeleke ujumbe huo kwa namba 15040, iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti matapeli. Dakika tano za namna hii zina faida kuliko saa nzima ya kumkemea. Mwaka 2018, katika ujumbe wake juu ya habari za uongo, Baba Mtakatifu Fransisko aliturudisha bustanini mwa Edeni na kutuonyesha kwamba nyoka alifanya kazi hiyohiyo: alilichukua neno la kweli, akalipindua kidogo, akalipeleka kwa kujifanya rafiki. Mwanamke alijibizana naye peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto anapotazama zile video fupi, moja baada ya nyingine, hakuna mtu aliyeketi kumchagulia. Ni mtambo unaopima amekawia wapi, amerudia nini, amepita upesi wapi, kisha unamletea zaidi ya kile kilichomshika. Akikawia kwenye mpira, ataletewa mpira. Akikawia kwenye mambo ya huzuni kwa sababu ana huzuni, ataletewa huzuni hadi usiku wa manane. Wenye mtambo hupata fedha kwa matangazo, na kadiri macho yanavyokaa ndivyo fedha inavyoingia. Mwambieni mtoto ukweli huu. Watoto hawapendi kuchezewa, na akijua kwamba anavuliwa kama samaki, huenda atatazama chambo kwa jicho jingine.

Hapa yatupasa kusema na wazazi kwa uwazi. Mitandao mingi mikubwa yataka mwenye kujiandikisha awe ametimiza miaka 13. Mtoto wa miaka kumi ameingiaje? Ameandika mwaka wa uongo, na mara nyingine baba alikuwa kando yake akimsaidia kuhesabu. Tumeanza safari kwa uongo, kisha twashangaa. Wapo pia wanaoweka picha za watoto wao mbele ya watu wote: mtoto akioga beseni uani, mtoto katika sare yenye jina la shule, mtoto kando ya basi lenye namba yake. Kwa picha tatu hizo mtu mbaya ana yote anayoyahitaji. Na yuko baba anayemnyang'anya mtoto simu mezani huku ya kwake imeegemezwa kwenye jagi la maji. Sisi mapadre tumo pia. Vikao vya halmashauri vyatushuhudia.

Usiku simu zote za nyumba, pamoja na za wakubwa, zaweza kulala mahali pamoja, sebuleni au chumbani kwa wazazi, zikipata chaji. Familia tunazozijua zilizofanya hivyo zilinung'unika wiki mbili, kisha zikazoea. Ila tusidhani kwamba kanuni zatosha. Yule binti mama yake alikuwa na kanuni nyingi. Alichokikosa ni mtu wa kumwambia.

Tunawafikiria hasa mabibi wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wako mijini au wamekwisha kufariki. Bibi atuambia, mimi kusoma sijui, simu yangu ni ya tochi, nitamlindaje huyu? Bibi, wewe huijui simu lakini wawajua watu. Unamjua mtu ampaye mtoto pipi na kumwambia asimwambie nyanya yake. Unamjua amsifuye binti kupita kiasi, unamjua amwambiaye kijana kwamba nyumbani kwenu hawakupendi, mimi ndiye nikupendaye. Mtu huyo hajabadilika tangu zamani zako; amebadili chombo tu. Mwulize mjukuu jioni: leo umeongea na nani, na kuna yeyote aliyekuambia jambo liwe siri? Swali hilo halihitaji kusoma.

Na mambo yakiwa yamekwisha kuharibika? Usilipe. Mwenye kutisha akilipwa mara moja, hurudi. Usifute ujumbe wala namba, maana ndio ushahidi, na mkataze mtoto naye asifute kwa aibu. Picha ya mtoto usiipeleke kwa mtu yeyote, hata kwa ndugu unayetaka akushauri. Kila mara ipelekwapo, mtoto anaumizwa upya. Katika vituo vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto, na iko simu ya mtoto, namba 116, isiyotozwa malipo, ambayo mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yafanya kuwa kosa kusambaza picha chafu za mtoto. Makatekista, tunawasihi muyaseme haya katika jumuiya ndogo ndogo na katika mafundisho ya kipaimara, tena myaseme bila kutisha. Tumeona kutisha kunazaa nini.

Wala tusiwafundishe vijana kwamba chombo chenyewe ni cha shetani. Tarehe 7 Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alimtangaza mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyezaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, akafariki mwaka 2006 kwa saratani ya damu akiwa na miaka 15 tu. Huyo aliitumia kompyuta yake kuwaeleza watu miujiza ya Ekaristi. Tunamtaja ili vijana wamfahamu. Wazazi wasimgeuze kuwa fimbo ya kuwachapia watoto wao.

Tumesema tangu mwanzo habari za binti mmoja, nanyi mna haki ya kujua yaliyompata. Shangazi na mama walikwenda naye polisi, na askari wa kike aliyewapokea aliwasikiliza vizuri. Namba ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mzee mmoja wa kijijini ambaye hakujua lolote. Picha ile hatujui ilipo. Hiyo ni kweli chungu ambayo mtoto huyo anaishi nayo, na sisi hatukutaka kumdanganya kwamba imetoweka. Januari alirudi shuleni. Mama yake alituambia baadaye kwamba jioni huketi naye jikoni wakichambua mchele, simu zote mbili zikiwa juu ya kabati, naye humwuliza siku yake ilikuwaje. Siku nyingine binti husema kwa kirefu. Siku nyingine hujibu kwa maneno mawili tu, na mama huendelea kuchambua mchele, akingoja.

Tumsifu Yesu Kristo.